Nyigu wa Kijani Chini ya Bawa

Siku mliponiaga, vijana wa kituo cha utafiti wa wadudu, mliniomba niandike machache kuhusu kazi ilivyokuwa kabla ya kompyuta. Mmoja wenu akaniuliza pia kwa nini kila ndege ndogo inayotua kwenye kiwanja chetu hufungwa kitambaa chekundu chini ya bawa, hata kabla rubani hajanywa maji. Nitajibu yote mawili kwa pamoja, maana ni habari moja. Mambo ya vyeo na mishahara nimeyaacha. Yako kwenye faili, na sikumbuki kama yalinifundisha lolote.

Nilifika mwanzoni mwa miaka ya themanini na cheti cha ufundi wa maabara na viatu vya kisigino nilivyoazima kwa dada yangu huko Manyatta, mjini Kisumu. Kituo kilikuwa majengo machache ya matofali kando ya ziwa, mbali na Kisumu, mwisho wa barabara ya murram ambayo mvua ikinyesha inakuwa mto. Nilitarajia kupewa koti jeupe na hadubini. Fundi mkuu, Bwana Njoroge, alinitazama viatu, akaingia stoo, akatoka na ngazi ya mbao na kisu cha kupigia lipu.

"Oyawore, Achieng'," alinisalimu kwa Dholuo cha mtu aliyezaliwa upande wa Nyeri. Kisha akarudi kwenye Kiswahili. "Utapanda pale chini ya mapaa. Zile nyumba za udongo unaziona? Usizigonge. Uzikate kwa nyuma, zitoke nzima."

"Na wenyewe wakiniuma?"

"Hao hawana haja na wewe. Wako na kazi nyingi."

Nilivua viatu nikapanda peku. Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ya maabara.

Nyumba hizo mnazijua nyote. Ni vile vidonge vya udongo ambavyo nyigu mwembamba mwenye kiuno cha uzi hubandika ukutani, nyuma ya picha, mpaka ndani ya viatu visivyovaliwa. Nilizikata hadi mchana, tukaziweka kwenye sinia, na Bwana Njoroge akanionyesha jinsi ya kuzifungua. Alitumia wembe mpya kila asubuhi. Wembe butu huvunja udongo, na udongo ukivunjika unamponda aliye ndani. Hilo bado ni kweli, hata kama siku hizi mnaletewa visu maalumu kutoka nje.

Chumba cha kwanza kilikuwa kimejaa buibui. Niliruka nyuma, yeye hakucheka.

"Hawajafa," alisema. "Nyigu amewachoma sindano tu, wasitembee. Hii ni chakula ya mtoto."

Alinionyesha yai jeupe juu ya tumbo la buibui mmoja. Katika chumba cha pili, buu mnene alikuwa amekwisha kula buibui wote na kujifumia kifukofuko cha rangi ya chai. Cha tatu alikifungua polepole zaidi, kwa sababu alikuwa ameona alama fulani juu ya udongo ambayo mimi sikuiona. Ndani mlikuwa na kifukofuko vilevile, lakini alipokipasua alitoka mdudu wa kijani kibichi chenye kung'aa, na ncha ya mkia ya bluu kama shanga. Sikuwa nimewahi kuona kitu kizuri namna ile kikitoka kwenye udongo.

"Huyu ni mtoto wake?" niliuliza.

"Hapana. Huyu amekula mtoto wake."

Kwa kitabu ana jina refu la Kilatini. Sisi tulimwita nyigu mdoezi, na kwa muda mrefu yeye ndiye aliyekuwa kazi yangu.

Aliyetufanya tumfuate ni Daktari Anyango, mkuu wa idara yetu, mama wa hapa hapa pwani ya ziwa aliyesoma mbali na kurudi. Alitaka kujua kitu kimoja: mdoezi huingia lini? Nyumba ikiwa wazi, au ikishafungwa? Kwa hiyo nilitumwa kukaa juu ya kiti mbele ya ukuta wa stoo na kutazama. Watu waliopita njiani kwenda ziwani walidhani nimeadhibiwa.

Niliona hivi. Mwenye nyumba huchota udongo mtoni, tonge baada ya tonge, akajenga, akawinda, akajaza, akataga, akaziba mlango. Kisha huondoka, na harudi kutazama. Mdoezi mkubwa husubiri hayo yote yaishe. Husubiri hata zaidi, mpaka buu aliye ndani ashibe na kunenepa. Ndipo huja, hugonga ukuta kwa pembe zake za kupapasia kama daktari anayepima kifua, hulainisha mahali pamoja kwa maji ya mdomoni, na kuchimba kwa ncha ya mkia ambayo ina meno madogo. Hutaga yai moja, huziba tundu, huenda zake. Buu wake akianguliwa hujibandika kwa yule mnene na kumfyonza taratibu mpaka abaki ngozi. Kisha hulala ndani ya kifukofuko ambacho yule aliyeliwa ndiye aliyeanza kukifuma.

Mara nyingine mwenye nyumba jirani humkuta kazini. Wanapigana, ila ni vita vya upande mmoja. Mdoezi hujikunja kama chungwa, miguu na pembe zote ndani, ganda lake gumu likabaki nje. Mwenye nyumba humng'ata, meno yanateleza. Mwishowe humbeba na kumtupa chini. Mdoezi hulala hapo kidogo, hujikunjua, hupanda tena ukutani kwa miguu, mahali palepale.

Wapo wadoezi wadogo pia, na hao wana tabia nyingine. Wao huwafuata nyigu weusi wadogo wasiojenga ukutani bali hutumia tundu lolote walilolikuta: tundu la kufuli, la msumari, bomba la kalamu. Nyigu mweusi hujaza tundu viwavi badala ya buibui, na mdoezi mdogo hangoji lizibwe. Hukaa karibu na mlango, kimya, pembe zikicheza, mpaka mwenyewe aende kuwinda. Akiondoka tu, mdoezi huingia, hutaga, hutoka. Bwana Njoroge alinifundisha kuyapata matundu hayo bila kuyatafuta.

"Usitafute shimo," aliniambia. "Tafuta huyu wa kijani. Yeye hakai bure. Mahali amekaa, kuna nyumba ya mtu."

Bwana Njoroge hakuwa mtu wa maneno mengi, na yale machache alikuwa akiyapanga kama vifaa vyake mezani. Alikuwa na nyumba ya kukodi Migosi, mjini, ambako mkewe Wambui aliishi. Wambui aliuza nguo katika soko la Otonglo, na biashara ikilegea alipanda gari akaja kukaa na mumewe kwenye nyumba ya kituo. Tulimwita Mama ingawa hakuwa na mtoto. Huku kwetu heshima ya mtu mzima haisubiri mtoto. Alijua kwamba tunajua hamu yake. Aliwahi kuniambia, tukiosha vyombo, kwamba jirani zake Migosi walikuwa wamechoka kumuuliza, na kunyamaza kwao kulimuuma kuliko maswali.

Miaka ya tisini ilipoanza, ndege ndogo ilikuwa ikitua mara kwa mara kwenye kiwanja cha nyasi nyuma ya kituo. Ilibeba wagonjwa kutoka zahanati za pwani kuwapeleka Kisumu. Rubani alikuwa Kapteni Barasa, mtu mpole, mfupi, aliyependa kula samaki kwetu kabla ya kuruka. Asubuhi moja hakuja kwa samaki. Alikuja na leso, akaifungua juu ya meza yangu. Ndani mlikuwa na kimrija cha chuma, kirefu kama kidole.

"Hiki kinakaa chini ya bawa," alisema. "Upepo unaingia hapa mbele, na saa ya mwendo inasoma. Jana nimeruka na mgonjwa na nesi. Saa inasema nimesimama. Niko juu ya ziwa, na saa inasema nimesimama."

"Ukafanyaje?" Daktari Anyango aliuliza.

"Nikarudi. Lakini bila hiyo saa hujui kama unakuja haraka ama pole. Ukienda pole sana ndege inaanguka kama jiwe. Basi nikaja haraka, nikapita kiwanja, nikaingia kwa mafunjo." Alisugua uso. "Mgonjwa hana neno. Nesi amevunjika mkono. Mimi nataka kujua ni nani amenifanyia hivi."

Nadhani alikuja akishuku mtu. Bwana Njoroge alichukua koleo ndogo, akavuta kutoka kwenye mrija kizibo cha udongo mkavu, kisha kiwavi, kisha kingine, vyote vimepangwa vizuri. Akaviweka kwenye karatasi mbele ya Kapteni.

"Ni mama mmoja," alisema. "Alikuwa anatafutia watoto nyumba."

Kapteni aliwatazama viwavi wale muda mrefu. Sijui kama alifarijika.

Hapo ndipo Daktari Anyango alipopata wazo, na nataka muelewe kwamba lilikuwa wazo zuri. Kama nyigu weusi ni wengi pale kwenye banda la kuegeshea ndege kiwanjani, si tuwaletee wadoezi? Alijua fika kwamba mdoezi haondoi udongo. Nyumba iliyoingiliwa huziba mrija sawasawa na nyumba salama. Lakini alihesabu kizazi kinachofuata. Kila buu mweusi anayeliwa leo ni mjenzi mmoja asiyekuwepo msimu ujao.

Tulitoboa vipande vya mbao matundu ya ukubwa wa mrija ule, tukavitundika bandani ili tuone nani anaingia. Nilizunguka pwani yote nikikusanya matete makavu, mianzi, hata miguu ya viti vilivyovunjika, chochote chenye tundu lililozibwa. Nilivilaza kwenye masanduku ya wavu na kungoja wanaotoka. Weusi tuliwazuia, wa kijani tukawapeleka kiwanjani. Niliwafungulia kwa mkono wangu. Walikuwa wakitoka kwenye tyubu ya kioo, wanasimama juu ya kidole changu kujisafisha pembe, kisha hawapo.

Msimu wa kwanza tulifurahi. Karibu kila tundu tulilolifungua lilikuwa na mtoto wa kijani. Weusi walipungua kweli, na Daktari alianza kutembea kwa haraka kama mtu anayesubiriwa. Lakini weusi walipopungua, wadoezi nao walikosa pa kutaga, wakatawanyika au wakafa. Mvua ndefu zilipokuja, weusi waliobaki walitagia matundu kwa raha, hakuna wa kuwasumbua, na bandani wakawa wengi kama mwanzo. Kisha wa kijani wakaanza kurudi, wachache wachache. Tulitazama mzunguko huo ukijirudia tena, na Daktari akamwita Kapteni ofisini.

"Nyigu wangu hawatakusaidia," alimwambia. "Huyu mdoezi anawapunguza tu, hawamalizi. Akiwamaliza, mwanawe atakula nini? Nilijua hivyo kwa vitabu, nikatumaini banda moja dogo litakuwa tofauti. Shona kifuniko, Kapteni. Kitambaa kizito, uvalishe ule mrija kila ukizima injini."

"Daktari, hiyo tu?"

"Hiyo tu."

Hakuwa na aibu kusema hivyo, wala hakutafuta wa kumlaumu. Nimefanya kazi na watu waliosoma kiasi chake, lakini wachache niliwasikia wakisema "nilitumaini" mbele ya mgeni. Alikwenda mwenyewe kwa fundi cherehani, akachagua kitambaa chekundu ili kionekane kwa mbali. Kapteni akazoea kukivalisha. Tukarudi kwenye kazi zetu.

Sasa nifike kwenye asubuhi inayojibu swali lenu.

Mama Wambui alikuwa kituoni majuma kadhaa. Alikuwa na mimba, ya kwanza iliyokaa, na Bwana Njoroge alikuwa amemwomba aache soko apumzike karibu na ziwa. Kwa mara ya kwanza nilimsikia mzee yule akipiga mluzi akiosha vyombo vya maabara. Kisha mvua ikanyesha usiku na mchana, barabara ikakatika, na alfajiri moja Bwana Njoroge alikuja kunigongea mlango. Nilivaa nikamfuata.

Mama Wambui alikuwa kitandani amejikunja, amepauka, shuka ina damu. Nesi wa zahanati alimshika tumbo, akatuvuta nje.

"Mimba imetunga mahali pabaya, nje ya mji wa mimba," alisema. "Anavuja damu ndani. Anataka kupasuliwa leo. Hapa hatuna mtu wa kumpasua."

Daktari Anyango aliita Kisumu kwa redio ya kituo. Kapteni Barasa alisema anakuja. Alitua jua likiwa limeanza kuchomoza vizuri baada ya siku zile za mawingu, nyasi zinafuka mvuke. Alizima injini, akavalisha kifuniko chekundu kama kawaida. Kisha akaambiwa mgonjwa yuko njiani, anafika sasa hivi, akakivua tena ili asipoteze muda, akaikagua ndege, akakaa tayari.

Lakini mgonjwa hakufika sasa hivi. Trekta iliyombeba ilizama kwenye matope kati ya kituo na kiwanja. Tulisukuma, tukaweka mawe na matawi, tukasukuma tena. Mama Wambui alikuwa juu ya godoro kwenye tela, nesi amemshikia chupa ya dripu, Bwana Njoroge amemshika mkono. Hakusukuma nasi. Nilimwona akitaka kushuka, akashindwa kuuachia ule mkono. Trekta ilipochomoka, asubuhi ilikuwa imekwenda.

Kiwanjani tulimwinua na godoro lake. Mlango wa ndege ulikuwa mdogo, na kumwingiza kulichukua watu wanne na uvumilivu. Mimi sikuwa na kazi tena. Nilisogea pembeni nikasimama kwenye kivuli cha bawa nikijifuta matope.

Nikamwona. Chini ya bawa, juu ya rangi nyeupe, alikaa mdoezi mdogo wa kijani. Alikuwa ametulia, kichwa kimeelekea kwenye mrija, pembe zinacheza.

Kwa kitambo nilimtazama tu, kwa mazoea, kama ninavyotazama mtu ninayemjua sokoni. Ndipo yakanijia maneno ya Bwana Njoroge kwamba huyu hakai bure. Nikainama nikatazama tundu la mrija. Lilionekana kama kawaida, jeusi ndani.

"Kapteni," nilisema, "usiwashe."

Alikuwa ameshapanda. "Mama, nimeangalia kila kitu. Mgonjwa hana muda."

"Umeangalia ulipotua. Njoo uangalie tena."

"Achieng'." Alikuwa na hasira, na sikumlaumu. Ndani nilimsikia Mama Wambui akiguna, kidogo, kama mtu anayeota.

Kama nimekosea, nitakuwa nimemchelewesha mwanamke anayekufa kwa sababu ya mdudu. Nilichuma ujani wa nyasi nikauingiza kwenye mrija. Uliingia nusu ya kidole, ukagoma. Nikauchomoa nikamwonyesha. Ncha ilikuwa na udongo mbichi.

Kapteni Barasa alishuka. Alitazama ule ujani, akatazama mrija, akafungua sanduku la vifaa. Nilikaribia kuweka mdomo nipulize, akanishika bega.

"Usipulize. Utavunja saa. Ninaufungua kwa nyuma."

Mikono yake ilikuwa imara, lakini jasho lilimtiririka mpaka kidevuni. Alitenganisha mrija, akaupitisha waya, kikatoka kizibo, kisha viwavi wawili wadogo wa kijani, bado laini. Mvua ilikuwa imempa yule mweusi udongo kila mahali, na jua likampa nafasi. Alijenga wakati sisi tunasukuma trekta.

Bwana Njoroge alikuwa amechungulia mlangoni. Hakuwa na nafasi ndani ya ndege. Nesi ndiye aliyehitajika. Mzee alishuka, akaona viwavi kwenye kiganja cha Kapteni, akaelewa yote bila kuambiwa. Alinyoosha mkono akawachukua. Kapteni alirudisha mrija, akaukaza, akautazama kwa mwanga, akapanda.

Ndege iliondoka juu ya mafunjo, ikageuka kuelekea Kisumu. Tulisimama tukiisikiliza mpaka haikusikika. Bwana Njoroge alikuwa bado amefumba ngumi. Nilipomgusa mkono, aliifungua, akatazama wale viwavi kana kwamba ameshangaa kuwakuta.

"Tyubu iko wapi?" aliuliza.

Nilikuwa nayo mfukoni, kama siku zote. Aliwaingiza kwa uangalifu, akaziba na pamba, akanipa. Kisha akakaa chini kwenye nyasi zenye maji, palepale, na sikuweza kumwinua. Daktari Anyango alikuja akakaa kando yake na sketi yake ya ofisini. Habari ya redio ilipokuja mchana, ilisema Mama ni mzima. Haikusema zaidi, na Bwana Njoroge hakuuliza zaidi. Alijua tangu nesi alipotuvuta nje kwamba mtoto hayupo.

Tangu siku hiyo Kapteni Barasa aliweka sheria ambayo marubani wote baada yake wameifuata: kifuniko kinavalishwa mara injini inapozima, na kinavuliwa rubani akiwa tayari, mgonjwa ndani, na mtu mwingine akikionyesha mbele ya kioo cha rubani. Ndicho kile kitambaa chekundu. Sasa mnajua.

Viwavi wale niliwahifadhi kwenye tyubu. Kulikuwa na yai moja tu lililosalimika, na sikujua la nani. Wakati wake ulipofika alitoka wa kijani. Kwa hiyo yule niliyemwona chini ya bawa alikuwa ameshaingia, ameshataga, na alikuwa amekaa akingoja nafasi ya pili. Nilimwambia Bwana Njoroge aliporudi kazini. Aliinamisha kichwa tu, akaendelea kunoa koleo zake.

Siku za mwisho za mwaka ule nilikwenda Migosi. Mama Wambui alikuwa ametuma neno kwamba anataka kumwona huyo mdudu. Nilipanga wawili kwenye kikasha cha mbao chenye kifuniko cha kioo, mweusi na wa kijani, kila mmoja na pini yake. Bwana Njoroge alikuwa ametoka kununua mkate. Mama alikuwa amekonda, lakini amesuka nywele vizuri, na sebule ilikuwa na marobota ya nguo za kupeleka Otonglo kesho yake.

Alikishika kikasha karibu na dirisha.

"Huyu ni mzuri," alisema. "Ndiye huyo uliona?"

"Mwenzake, wa aina ileile."

"Na huyu mweusi ndiye alijenga."

"Ndiye."

"Mtoto wake akiliwa, yeye anafanya nini?"

Nilikuwa nimeulizwa maswali mengi kuhusu nyigu, na wanafunzi, na wageni, lakini hilo sikuwahi. "Hafanyi kitu, Mama. Akishaziba mlango anakwenda kujenga ingine. Harudi kuangalia. Hata aliye salama hamwoni akitoka."

"Kwa hivyo hajui."

"Hajui."

Aligeuza kikasha kidogo, mwanga ukapita juu ya wa kijani, ukaacha mweusi kwenye kivuli.

"Mimi nilijua," alisema. "Kabla ya nesi. Kabla ya Njoroge. Nilikuwa natandika kitanda na nikajua." Hakulia. Alisema kama anavyoeleza njia ya kufika mahali. "Watu wananiambia nisahau, nijaribu tena. Wanasema vizuri. Lakini mimi si kama huyu, ati ninaziba mlango ninaenda."

Nilimshika mkono, ukiwa na kikasha na yote. Tulikaa hivyo mpaka tuliposikia lango.

"Huyu wa kijani rudi naye kazini," alisema kwa sauti ya kawaida, akanishukuru kwa Dholuo. "Ero kamano, Achieng'. Aliniokoa, lakini sitaki kumwona kila siku. Uniachie huyu mwingine."

Nilichomoa pini ya mdoezi nikaichomeka kwenye kipande cha kizibo kilichokuwa mkobani mwangu. Bwana Njoroge aliingia na mkate, akaona kikasha mezani na mdudu mmoja ndani, akamtazama mkewe. Kisha akaenda kuchemsha chai.

Hawakupata mtoto baadaye. Mama Wambui aliuza nguo Otonglo miaka mingi, mpaka mumewe alipostaafu na wakaamua kurudi kwao. Nilikwenda kuwasaidia kufunga mizigo. Lori lilipakiwa vitanda, kabati, marobota, na masanduku ya vifaa ambavyo Bwana Njoroge hakukubali mtu mwingine avifunge. Mama alipanda mbele, karibu na dereva, na mkoba wake. Kikasha kile kilikuwa mapajani mwake, kimefungwa kwa kitenge. Nilimwambia kwamba barabara ni mbaya na pini inaweza kung'oka.

"Ndiyo maana sijamweka nyuma," alisema, akakishika kwa mikono yote miwili, na lori likaondoka.